Ubuyu wa rangi: una lishe kweli au ni sukari tupu?

Kila ubuyu ukitajwa lazima atokee mtu wa kusema una vitamini C mara sita ya chungwa na kalsiamu kuliko maziwa, na hapo hapo anatokea mwingine anasema acheni kuwadanganya watoto, ile ni sukari na rangi tu. Ukweli ni kwamba wote wawili wana hoja, ila kila mmoja anaongelea kitu chake. Wa kwanza anaongelea unga mkavu unaotoka ndani ya buyu, wa pili anaongelea ule mwekundu wa kwenye pakiti unaouzwa getini shuleni, stendi, kwenye boti ya kwenda Unguja na kwenye kila genge kuanzia Kariakoo mpaka Mombasa ambako wanauita mabuyu. Shida inaanza pale sifa za unga zinapochukuliwa zote kama zilivyo zikabandikwa kwenye pakiti, mama anamnunulia mtoto akiamini amempa vitamini. Mi naona hili jambo linahitaji kufunguliwa taratibu kwa sababu kuna pesa na afya za watoto humo ndani, na hesabu yake wala sio ngumu.

Tuanze na buyu lenyewe. Mbuyu ni mti wa sehemu kavu, Dodoma, Singida na Iringa ipo mingi, ukienda Kenya utaikuta Kilifi, Kwale, Kitui na Makueni, na tunda lake lina tabia ya pekee kwamba linakaukia juu ya mti lenyewe. Ukilipasua hukuti maji, unakuta vibonge vyeupe vya unga mgumu vimeng'ang'ania mbegu na zile nyuzi nyekundu zimezunguka zunguka katikati. Huo unga ndio lishe yenyewe. Gramu 100 zake ukizipima maabara utapata vitamini C kwa wastani kama miligramu 280 hivi, ingawa inatofautiana sana, yapo mabuyu yanayotoa 150 na yapo yanayofika karibu 500 kutegemea mti, ardhi na unga umekaa muda gani. Kalsiamu ni kama miligramu 300, potasiamu inafika gramu 2 hivi, na nyuzinyuzi karibu nusu ya uzito wote. Protini ni kidogo, mafuta karibu hakuna. Ule ukali wake unatokana na asidi za asili zikiwemo za sitriki na tartariki pamoja na hiyo vitamini C yenyewe. Ndio maana mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uingie kwenye soko lao kama chakula kipya, yaani ambacho huko hakikuwa kimezoeleka kuliwa, na tangu hapo umeanza kuuzwa huko kwa bei ambayo mkulima wa Kondoa akiisikia anaweza kukaa chini.

Sasa tuje kwenye ile "mara sita ya chungwa". Chungwa lina vitamini C kama miligramu 53 kwa gramu 100, kwa hiyo ukigawanya 280 kwa 53 unapata tano na kitu, haifiki sita kamili ila hesabu haiko mbali. Ila angalia nini kinalinganishwa na nini. Chungwa ni maji karibu asilimia 87 na unga wa ubuyu ni mkavu, na hakuna mtu anayekaa akala gramu 100 za unga wa ubuyu, labda ana shida zake. Kijiko kikubwa cha unga kina gramu 10 hivi, hapo unapata vitamini C kama miligramu 28, wakati chungwa moja la saizi ya kati ukilimaliza lote unapata miligramu 60 mpaka 70. Yaani chungwa moja linakishinda kijiko cha ubuyu zaidi ya mara mbili. Maziwa ndio kabisa, glasi moja ina kalsiamu kama miligramu 300, kijiko cha ubuyu kina miligramu 30, itabidi unywe vijiko kumi kuifikia hiyo glasi. Ukilinganisha kikavu na chenye maji gramu kwa gramu, kikavu kitashinda tu, hata dagaa mkavu na samaki mbichi ni hivyo hivyo. Sisemi ubuyu ni mbaya, miligramu 28 kwa kijiko ni nyingi ukijua kwamba mtu mzima kwa viwango vya WHO (Shirika la Afya Duniani) na FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) anahitaji kama 45 kwa siku, nasema tu tupime kwa kile mtu anachokula kweli.

Na kinachonishangaza, kitu ambacho ubuyu unacho kwa wingi kuliko vyote hakisemwi. Ni nyuzinyuzi! Kijiko kile kile cha gramu 10 kina nyuzinyuzi gramu 4 mpaka 5, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Hiyo ni karibu moja ya tano ya mahitaji ya siku nzima kwenye kijiko kimoja. Sehemu kubwa ni zile nyuzinyuzi laini zinazoyeyuka kwenye maji, ndizo zinazofanya juisi ya ubuyu iwe nzito bila kuwekewa kitu, na zikifika tumboni zinapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, zinalainisha choo na zinalisha wale bakteria wazuri wa utumbo mpana. Kwa watu wa mjini ambao asubuhi ni chapati, mchana wali, jioni ugali wa sembe, hizo nyuzinyuzi ndio kitu kinachokosekana hasa. Afu tofauti na vitamini C, nyuzinyuzi haziharibiki kwa moto, kwa hiyo hata kwenye ubuyu wa kupikwa zinabaki, kalsiamu na potasiamu nazo zinabaki.

Haya, twende jikoni maana hapo ndipo mambo yanapobadilika. Ubuyu wa rangi unapikwa hivi, unachukua mbegu zikiwa bado na unga wake, unachekecha kutoa unga uliolegea, pembeni unachemsha sukari na maji mpaka inakuwa shira, unatia rangi, hiliki, vanila, wengine karafuu, wengine pilipili na chumvi kidogo, unarudishia na ule unga uliochekecha kiasi ili shira iwe nzito, kisha unamimina mbegu unageuza geuza haraka mpaka kila moja ivae. Ukipoa inakuwa kavu kwa nje na laini kwa ndani, ukiweka mdomoni unamung'unya mpaka ibaki mbegu nyeusi tupu unaitema.

Kiasi cha sukari kinategemea mpishi, wapo wa nusu kilo na wapo wa kilo nzima kwa kilo moja ya ubuyu. Tuchukue huyu wa kilo kwa kilo. Kwenye ile kilo ya ubuyu mbichi sio yote inaliwa, kwa makadirio theluthi mbili ni mbegu na theluthi moja tu ndio unga. Kwa hiyo ukishapika una sukari gramu 1000, mbegu kama 670 na unga kama 330, jumla kilo 2 tukiacha maji kidogo yaliyobaki. Ukifunga vipakiti vya gramu 60, kila kimoja kitakuwa na mbegu gramu 20 ambazo utazitema, unga gramu 10 na sukari gramu 30. Yaani katika kile ulichomeza kweli, robo tatu ni sukari. Gramu 30 ni zaidi ya vijiko saba vya chai, hebu fikiria kumpa mtoto kikombe cha chai chenye vijiko saba, hakuna mama atakayekubali, lakini kwenye pakiti haionekani kwa sababu ule ukali wa ubuyu unaficha utamu. Ulimi unasema kikali, mwili unapokea sukari.

Kwa yule mpishi wa nusu kilo picha inakuwa nzuri kiasi, kipakiti hicho hicho kinakuwa na sukari gramu 20 na unga gramu 13. Kwa hiyo swali la ubuyu una lishe gani halina jibu moja, linategemea kilichotokea kwenye hilo sufuria, na bahati mbaya pakiti nyingi za mtaani hazina maandishi yoyote ya kukuambia. Njia ya kienyeji ya kukisia ni kuangalia mbegu, ukiona zimevaa koti nene linalong'aa kama pipi na zimeshikana mabonge, hapo sukari imezidi, ila ukiona bado kuna unga unga unaoshika vidole na ukali unakuja mapema mdomoni, ujue ubuyu wenyewe upo wa kutosha.

WHO tangu 2015 wanashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2000 hiyo ni gramu 50 na gramu 25. Mtoto wa miaka mitano au sita anakula pungufu ya hapo kwa hiyo na kiwango chake kinashuka. Sasa kipakiti kimoja cha yule mpishi wa kilo kinammalizia mtoto karibu sukari yake yote ya siku kabla hajanywa chai, hajanunua juisi ya pakiti wala andazi. Kalori zenyewe sio za kutisha, ni kama 140 au 150 kwenye kipakiti, ishu ni kwamba zaidi ya robo tatu yake ni sukari tupu.

Vitamini C je? Hapa sitampa mtu namba moja maana inategemea. Kwenye unga gramu 10 kulikuwa na miligramu 28 kabla ya kupikwa, na vitamini C inaharibiwa na moto, hewa, mwanga na muda. Shira inapochemka inapita nyuzi joto 100, kwa hiyo ukiuacha ubuyu uchemkie humo unapoteza nyingi, ila ukiipua kwanza ndio ukamimina ubuyu unaokoa nyingi, tena ule ukali wenyewe unaisaidia vitamini C isife haraka. Afu kuna kukaa. Ubuyu uliowekwa kwenye mfuko mwangavu ukaning'inizwa dirishani juani wiki tatu sio sawa na wa juzi. Hata unga mkavu ni hivyo, ule mpya ni mweupe au wa krimu, ukiona umegeuka kahawia umekaa sana au ulipata unyevu na vitamini imeshapungua.

Meno. Hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri kwa sababu kwa mtoto nadhani hili ndilo kubwa kuliko yote. Ubuyu una vitu viwili vinavyoshambulia jino kwa pamoja, asidi yake yenyewe inalainisha enamel, lile tabaka gumu la juu ya jino, na sukari inalisha bakteria ambao nao wanatengeneza asidi nyingine. Baya zaidi ni namna unavyoliwa, haumezwi haraka kama keki, unamung'unywa mbegu moja moja kuanzia mapumziko ya saa nne mpaka kengele ya kutoka. Kila ukiweka sukari mdomoni, mate yanahitaji kama nusu saa na zaidi kuirudisha hali ya kinywa kuwa salama, sasa mtoto anayeongeza mbegu nyingine kila dakika kumi hayo mate hayapati nafasi. Kipakiti kile kile akila chote kwa mara moja baada ya chakula akasukutua na maji, madhara ni madogo kuliko kukibeba mfukoni mchana kutwa. Na asipige mswaki hapo hapo, enamel ikiwa imelainika mswaki unaikwangua, asubiri nusu saa hivi. Wanaomaliza pakiti kubwa mpaka ulimi unachubuka wanaijua hiyo asidi bila kuambiwa. Kwa watoto wadogo chini ya miaka mitano mi ningesema wasipewe kabisa wa mbegu, ile mbegu ni ngumu, inateleza na inaweza kumkaba.

Kuhusu rangi kuna uoga mwingi na mwingine una msingi. Rangi za chakula nyekundu zinazoruhusiwa zina majina na namba, mfano E122, E124, E129, na zina viwango vya matumizi. Hizo tatu zipo kwenye kundi la rangi sita ambazo Ulaya tangu 2010 chakula chenye nazo lazima kiandikwe kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto, hiyo ilitokana na utafiti wa Southampton, Uingereza uliotoka 2007. Haimaanishi kila mtoto atabadilika, ila wenzetu wameona mzazi aambiwe. Hatari kubwa zaidi ni mtu kutumia rangi isiyo ya chakula, zipo rangi za viwandani na za nguo kama rhodamine B zinazong'aa vizuri sana na bei rahisi, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa hiyo nunua kwa mtu unayemjua anapikaje, au kwenye pakiti iliyoandikwa viungo, mtengenezaji na tarehe. Tanzania Bara usalama wa chakula tangu 2019 uko chini ya TBS (shirika la viwango), Zanzibar kuna ZFDA (wakala wa chakula na dawa), Kenya ni KEBS (shirika la viwango la huko). Na ujue ubuyu hauhitaji rangi ili uwe mtamu, rangi ni ya macho tu.

Sifa za dawa nazo zimezidi. Wanasema unaongeza damu. Madini ya chuma kwenye unga yapo ila machache, kijiko kinakupa chini ya miligramu moja, wakati mjamzito anahitaji kama 27 kwa siku, kwa hiyo dada yangu usiache vidonge vya damu ulivyopewa kliniki eti kwa sababu unalamba ubuyu. Kinachosaidia kweli ni kwamba vitamini C inaufanya mwili ufyonze vizuri chuma kilichopo kwenye maharage, kunde na mchicha, sasa glasi ya juisi ya ubuyu ukinywa pamoja na hicho chakula badala ya chai ina maana kubwa, chai yenyewe inazuia chuma. Wanasema pia unashusha sukari. Upo utafiti wa chuo cha Oxford Brookes, Uingereza, wa 2013, ambapo watu walikula mkate mweupe na kinywaji chenye ubuyu na sukari ya damu haikupanda sana kama ilivyo kawaida, lakini ule ulikuwa ubuyu na mkate, sio ubuyu uliopikwa na kilo ya sukari. Mwenye kisukari ubuyu wa rangi ni pipi kwake, auhesabu kama pipi. Na mwenye matatizo ya figo aongee na daktari wake hata kwa ule unga mtupu, ile potasiamu ambayo kwa wengine ni nzuri kwa presha, kwake inaweza kurundikana kwenye damu ikaathiri moyo.

Mafuta ya mbegu ni habari nyingine, tusiyachanganye humu. Ruhusa ya Ulaya niliyoitaja ilikuwa ya unga wa tunda tu, haikuhusu mafuta. Mafuta ghafi ya mbegu za ubuyu yana aina ya asidi za mafuta ambazo kwa wanyama wa maabara zimeonyesha madhara na zinapungua yakisafishwa kwa joto kali, kwa hiyo kupaka ngozi sawa, ila kunywa vijiko kila asubuhi kama tiba mi siwezi kumshauri mtu.

Kama unataka kile kilichomo kwenye buyu bila mzigo wa sukari, nunua unga, kijiko kikubwa kimoja kwenye uji wa mtoto uliokwisha kuipuliwa na ukapoa kidogo ndio ukoroge, ukitia ukiwa jikoni unaua vitamini bure. Kwenye uji wa maziwa ongeza kidogo kidogo maana ukali unaweza kuyakatisha. Na kama nyumbani kwenu ubuyu wa mbegu hauwezi kukosekana, kwetu pia hauwezi, basi pika mwenyewe. Chemsha rozela kavu kwenye maji uchuje, hayo maji mekundu ndio upikie shira, sukari iwe robo kilo kwa kilo ya ubuyu, tia hiliki na pilipili, ipua, ongeza vijiko vitatu vinne vya unga wa ubuyu ili shira ishike, ndio umimine mbegu ugeuze. Kwa kipimo hicho kipakiti cha gramu 60 kinakuwa na sukari kama 12 na unga 16, yaani unga umeizidi sukari. Hautang'aa kama wa dukani na rangi yake itakuwa ya damu ya mzee, tena kwa kuwa sukari ni ndogo unyevu unabaki zaidi, kwa hiyo uanike kivulini ukauke vizuri na upike wa kuisha ndani ya siku chache.